Kipengele cha Nne

Cha kwanza, jina: Sikudhani Mohamedi Pazi.
Cha pili, umri: arobaini na mmoja.
Cha tatu, uzito. Hicho nesi alinijazia mwenyewe,
mia na thelathini na nane,
akakunja midomo kama anayesoma bei ya nyama.
Cha nne: kabila.

Peni ikagoma.

Kabila linahusianaje na tumbo langu?
Ni utafiti, mama, andika tu.
Viti vya hospitali hii ya Upanga vina mikono ya chuma,
nimejisukumia ndani kwa ubavu
na nikishaingia sijigusi.

Mzaramo, nikaandika.
Herufi saba zikafungua chumba cha Kisarawe:
miezi mitatu niko ndani, mwali,
dirisha limezibwa kwa kanga,
bibi Mwajabu analeta uji wa nazi alfajiri,
wali na kuku adhuhuri,
ananibinya mkono, anaguna:
bado, mfupa unaongea.
Siku ya kutolewa nilipakwa mafuta nikang'aa,
vigelegele kwa shavu, vigelegele kwa kiuno.
Sijapendwa tena hivyo.

Nani atanifundisha leo kuuchukia
mwili ulioshangiliwa?

Kulia kwangu Shirin wa Kisutu
ameandika Mhindi, akafuta,
akaandika Mtanzania, akafuta,
karatasi imetoboka.
Kwao, ananinong'oneza, chapati zilihesabiwa
tangu ana miaka tisa.
Wachumba wawili walikuja, wakanywa chai, wakasifu chai.

Kushoto Kokushubila, karani wa benki:
mume hataki upasuaji,
akipungua Bukoba watasema hamlishi.
Anacheka mpaka pochi inaanguka,
kisha anasema, bila kucheka,
kwamba analala ameketi
maana akijinyoosha pumzi inakata.

Chumba cha pili hakina mzani.
Kina mshauri kijana na sanduku la tishu.
Wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi
umejiona huna thamani?
Ugonjwa huo, anasema, unaitwa sonona.
Sisi tunaita moyo mzito.
Hata moyo, mwanangu? Na wenyewe mtaukata?

Alingoja. Nilidhani nitamtajia bodaboda
waliokataa kunipakia pale Mbagala,
au fundi aliyesema kitambaa hiki ni cha watu wawili.
Nikamtajia Abuu, mwanangu, darasa la sita,
siku ya wazazi:
mama, nisubiri nje ya geti.
Nikasubiri nje ya geti.
Usiku ule nilikula mkate wa kumimina nimesimama,
taa ya friji ikiniangaza,
mkate mzima, sikusikia ladha.

Nikamwambia na lile jingine.
Mtaani kwetu mtu akikonda hapewi pole,
anapewa ugonjwa.
Watanihesabia vidonge nisivyovimeza.
Basi nikinenepa ni mlafi, nikikonda ni marehemu mtarajiwa,
uzito gani mnaouruhusu?
Hakuandika hilo. Karatasi yake haina mahali pake.

Unataka nini baada ya upasuaji?
Wenzangu nasikia hutaja gauni.
Mimi nataka mkeka.
Bibi Mwajabu alipokufa walinipa kiti,
nikawekwa barazani pamoja na wanaume,
wanawake wa ukoo wote chini, magoti kwa magoti,
wanalilia mikono iliyonilisha,
na mimi juu kama mgeni rasmi.
Nataka kukaa chini msibani
na kuinuka mwenyewe.

Nikarudi kungojea tarehe.
Nesi akaliita jina langu, nikasimama,
kiti kikasimama nami.
Hakuna aliyeongea.
Shirin akashika mkono mmoja wa chuma,
Koku akashika mwingine, wakavuta,
wakavuta tena,
mpaka kikaniachia.

Tulicheka, ndiyo,
lakini baadaye, kwenye ngazi,
tulipokuwa watatu tu.